Mfalme Mwenye Jembe

Nimefundisha historia katika shule ya kutwa hapa Thika kwa miaka kumi na tisa, na mada ya Misri ya kale nimeirudia mara nyingi hivi kwamba siku hizi siingii darasani na kitabu. Mto Naili unafurika, maji yanarudi, udongo mweusi unabaki. Watu wanalima ngano na shayiri, vijiji vinakua, kisha wanapata mfalme, na mfalme huyo ni mungu. Miaka yote hiyo nililitamka lile neno "kisha" haraka nikakimbilia piramidi, kwa sababu piramidi ndizo zinazoulizwa kwenye mtihani.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, msichana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono. Aliuliza huyo mfalme wa kwanza kabisa alitoka wapi. Nikamwambia kusini mwa Misri, katika mojawapo ya miji midogo ya kando ya mto.

"Sasa mwalimu," akasema, "kama walimwona akikua, mtoto wa jirani tu, waliaminije kwamba ni mungu?"

Wenzake walicheka, lakini si kwa ubaya. Nilimwambia nitamjibu wiki inayofuata.

Wiki hiyo nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma tangu nitoke chuoni. Niligundua kwamba hata wataalamu hawana uhakika. Wanachimbua makaburi na kukisia. Kabla ya wafalme walikuwepo wakuu wa miji, ambao tofauti yao na wengine inaonekana kwa ukubwa wa makaburi yao. Mji mmoja wa kusini ulimheshimu mungu aliyechorwa kama kipanga. Wakuu wa kusini walipoishika nchi yote, waliandika majina yao ndani ya mchoro wa ukuta wa ikulu, na juu ya ukuta huo wakamsimamisha kipanga. Basi ukiliona jina la mfalme, umemwona na mungu. Kujiita wana wa jua kulikuja baadaye sana.

Nilipata pia picha mbili, nikazihifadhi kwenye simu. Ya kwanza ni bamba la jiwe: mfalme mrefu ameinua rungu, na adui amepiga magoti mbele yake. Ya pili imechongwa kwenye kichwa cha rungu la jiwe: mfalme mwingine wa nyakati hizo hizo ameshika jembe, na mbele yake mtu mdogo ameinama na kikapu. Wengi hudhani anafungua mtaro wa maji.

Jumamosi nilikwenda mtaa wa Makongeni kumwona baba. Baba alikuja Thika kutoka magharibi akiwa kijana, akafanya kazi kiwanda cha nguo mpaka alipostaafu, na kelele za mashine zilimwachia sikio moja tu la kutegemea. Mama alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Baba aliishi peke yake katika nyumba ile ile tuliyolelewa, na alikuwa mzee wa kanisa dogo lililo upande wa Kamenu. Yeye huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

Nilimwonyesha picha hizo tukinywa chai. Ile ya rungu hakuijali. Alipofika kwenye ile ya jembe aliishika simu karibu na macho akaitazama kwa muda mrefu.

"Mbona huyu ni mkubwa na hawa wengine ni wadogo?" akauliza.

Nikamweleza kwamba ndivyo wachoraji wa zamani walivyoonyesha ukuu.

"Basi hakujikuza mwenyewe," akasema. "Alikuzwa na aliyemchora."

Ndipo akanisimulia habari ambayo katika umri wangu wote sikuwahi kuisikia. Babu yake, yule aliyemlea, alikuwa mleta mvua. Nilijua tu kwamba alikuwa mkulima aliyeheshimiwa. Baba hakuwahi kulitaja hilo kwa sababu ya kanisa, na kwa sababu mama hakulipenda.

Alisema babu yake alianza kama mtu yeyote. Alikuwa na jicho la kuona mambo: upepo umegeuka kutoka wapi, siafu wanahamishia mayai wapi, usiku wa manane joto likoje. Aliwaambia jirani zake pandeni, wakapanda, mvua ikanyesha. Walipomletea kuku wa shukrani hakumkataa. Mwaka uliofuata kuku wakawa wengi. Kisha mtu mmoja akasema si vizuri mzee huyu aonekane akila hadharani kama watu wengine. Mwingine akasema asibebe mzigo. Mwingine akamjengea kibanda cha peke yake. Baba alikumbuka jinsi bibi yake alivyolazimika kumpelekea mumewe ugali nyuma ya pazia.

Nilimuuliza kama babu mwenyewe aliamini kwamba mvua ilimtii.

"Mwanzoni hapana," baba akasema. "Lakini mama, mtu akiambiwa jambo kila siku na kila mtu, ataanza kujiuliza kama si yeye anayekosea."

Na mwaka ambao mvua iligoma, watu wale wale walikuja wakamtoa kibandani, wakamfunga kamba kwenye nguzo ya boma akiwa juani, ili aifungulie. Baba alikuwa na miaka minane. Alimpelekea maji, akafukuzwa. Mvua ilinyesha siku ya tatu, babu akafunguliwa, akaletewa mbuzi. Hakuwahi kuzungumza sana baada ya hapo.

Jumatatu niliyapeleka hayo darasani, nikiacha kusema ni ya kwetu. Nilidhani nimemaliza.

Lakini Aprili ile mvua ilichelewa. Wanawake wengi wa kanisa la baba hulima vishamba vidogo bondeni kando ya mto, maharagwe na sukuma wiki, na walikuwa wamekwisha kutayarisha ardhi. Jumapili moja mchungaji alisafiri, na baba akaombwa aongoze maombi ya mvua. Nilikuwepo. Aliomba kwa maneno machache, kwa sauti yake ya juu ya mtu asiyesikia vizuri. Tulitoka kanisani saa saba. Saa tisa mbingu zikafunguka. Mvua ikapiga mabati ya Makongeni kiasi kwamba hatukuweza kusikilizana mezani. Nilicheka, nikamwambia baba Mungu amemsikia. Yeye hakucheka. Alikwenda kusimama mlangoni.

Jumapili iliyofuata alipoingia kanisani watu walisimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Mama mmoja muuza mboga, Mkikuyu wa makamo mwenye shamba karibu na daraja, alikuwa wa kwanza, na wengine wakamfuata. Wiki hiyo alimletea baba kikapu cha mboga. Mwingine akaja na mtoto mwenye homa. Kijana aliyekuwa akitafuta kazi akaleta barua ya maombi ili baba aiguse kabla ya kupelekwa. Kanisani kikawekwa kiti chenye mto wa kukalia, na nilipokikalia siku moja nikimsubiri baba, dada mmoja aliniomba kwa upole nihame.

"Hicho ni cha mzee," akaniambia.

Nilijua ninachokiona. Nilikuwa nimekifundisha wiki chache tu zilizopita. Lakini sikusema neno, na lazima nikiri kwamba sehemu yangu moja ilifurahi. Tangu mama afe, baba alikuwa kama amepungua. Sasa alikuwa na wageni kila siku, alinyoosha shati, alitembea wima. Nilijiambia, kuna ubaya gani?

Mwisho wa Mei, tawi la kanisa hilo kule Kamakis, upande wa Ruiru, lilikuwa likiezeka jengo jipya. Waumini walituma watu watatu waje kumwomba mzee aizuie mvua kwa siku mbili, mpaka mabati yapigwe misumari. Waliliomba jambo hilo kama mtu anavyoomba kuazima ngazi. Baba aliwaambia angekwenda. Walipoondoka aliniomba nimsindikize, na usiku ule, kwa mujibu wa jirani, taa yake haikuzimwa.

Tulifika asubuhi. Jengo lilikuwa nyuma ya safu ya vibanda vya nyama choma vya barabarani, na moshi wa makaa ulikuwa ukipita juu ya mabati yaliyolundikwa. Watu kama hamsini walikuwa wamekusanyika. Wakamwekea baba kiti mbele. Hakukalia. Aliniomba nisimame upande wa sikio lake zima.

"Ndugu zangu," akasema, "ile Jumapili ya Kamenu, mimi nilijua mvua inakuja."

Watu wakaitikia amina. Baba akainua mkono kuwanyamazisha.

"Sikilizeni. Asubuhi ile nilitoka nje nikaona kile kilima cha Kilimambogo kimevaa wingu mpaka kiunoni, na upepo unatoka huko. Siafu walikuwa wamepanda ukutani kwangu na mayai yao. Babu yangu alinifundisha kuyasoma hayo nikiwa mtoto. Nilipoombwa niombe, ningeweza kuwaambia. Sikuwaambia. Niliona vizuri mkifikiri ni mimi."

Nilisikia misumari ikimwagwa kwenye karai na fundi aliyekuwa juu ya kenchi za paa, ambaye hakuwa akisikiliza. Baba akaendelea, safari hii polepole, akaeleza habari za babu yake, za kuku na kibanda na ile kamba ya nguzoni. Alimalizia kwa yale maji aliyokatazwa kumpa. Hapo akaomba asamehewe, akaketi kwenye rundo la mbao.

Mzee wa tawi lile, mtu mpole aliyekuwa dereva wa lori, akasema tuombe basi sote kwa pamoja, tena tuharakishe kuezeka. Wakaomba, wakapanda juu. Baba alishika misumari, akawapa mafundi mmoja mmoja hadi saa nane. Alasiri manyunyu yalianguka na kulowesha upande mmoja uliokuwa bado wazi. Wakafunika na turubai, wakamaliza kesho yake.

Nilidhani watu wangemkasirikia. Wachache walikasirika kweli. Familia mbili za Kamenu zilihama kanisa, na mmoja wao aliniambia sokoni kwamba baba amewafanya wajinga. Kilichonishangaza ni wale wengine. Jumapili iliyofuata walisimama tena alipoingia, na safari hii wengi kuliko mwanzo. Yule mama muuza mboga alinishika mkono nje ya mlango.

"Mwalimu, mtu wa Mungu kabisa ndiye hukataa sifa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Wewe ni mtoto wake, huwezi kuona."

Nilimweleza baba maneno hayo tukirudi nyumbani. Alinijibu tulipokwisha kupita shule ya msingi.

"Sasa hapo unaona," akasema. "Hata kukana kwangu nako wamekutia kwenye kikapu kile kile cha sifa."

Aliacha uzee wa kanisa mwezi huo. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, lakini bado watu waligeuka kumtazama. Wakaendelea kuja nyumbani, naye akawa anachoka. Nilimshauri ahamie kwangu kwa muda. Akakataa, akasema ukimkimbia mtu anayekuamini atakuamini zaidi.

Alilofanya badala yake hakuniambia mapema. Niligundua asubuhi moja nilipompitia kabla ya kwenda kazini. Nilimkuta nyuma ya nyumba na wanawake watano, yule mama muuza mboga akiwa mbele, wote wameelekea Kilimambogo. Alikuwa akiwafundisha. Hiki ni kiwingu cha asubuhi tu, kitayeyuka saa nne. Huu upepo si wenyewe, subirini ule mwingine. Aliwafunulia vichuguu, akawaonyesha siafu wanavyojipanga. Yote aliyofundishwa na babu yake kwa kunong'onezwa, aliyatoa pale kwenye kamba za kuanikia nguo, mbele ya yeyote aliyepita. Wengine walikuja siku moja wakaacha, nadhani walitaka maombi na si masomo. Wale watano walibaki, mmoja akawa anaandika kwenye daftari la mwanawe.

Niliwahi kumuuliza kama babu yake angekubali. Akasema babu alifundisha mtu mmoja tu, naye ni yeye, kwa sababu jambo likijulikana na wote halina mwenyewe. Alilisema bila kulaumu.

Oktoba iliyopita, kabla ya mvua za vuli, walibishana. Baba alisema wasubiri wiki moja zaidi. Yule mama akasema hapana, upepo wa jana jioni ulikuwa wenyewe, na yeye angepanda kesho. Akamwambia baba usoni, mbele ya wenzake, kwamba safari hii amekosea. Wawili walimfuata yeye, wawili wakabaki na baba. Siku ya tatu mvua ikanyesha.

Nilimpitia baba jioni ile. Alikuwa amejifunika blanketi kizingitini, anatazama maji yakikimbia kwenye mtaro wa ploti, mbele ya nyumba. Nikamuuliza kama amesikia yule mama amepanda.

"Nimesikia," akasema kama mtu aliyeshushiwa mzigo. "Amepita hapa saa hii amevaa viatu vyake vya gambuti, anacheka. Hakunisalimia hata."

Akasogea kidogo ili nipate nafasi ya kukaa.