Vitaa vya Kaka Kishindo

Kaka yangu alitaka kunitia wazimu kwa sababu ya vitaa. Nasema mapema ili mjue naanza nikiwa na hasira, na sina mpango wa kuificha.

Watu wanamwita Kishindo. Anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya ukumbi tangu mimi niko shule, na kusema haki, anajua. Mimi ni mdogo wake, fundi wa magitaa. Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vioo: meza, jiliwa la kubania mbao, shingo za magitaa zimening'inia ukutani, na vumbi la mbao ambalo hata nifagie vipi haliishi. Nikiunga kitu kimeungika. Ukinitania kuhusu unene wangu nitacheka na wewe. Ukiigusa kazi yangu, tutagombana mpaka majirani watoke nje.

Shida ya kaka ni sukari. Imemtia ganzi vidole vya mkono wa kushoto, mkono wenyewe wa kubonyezea nyuzi. Zamani vidole vilijua pa kwenda bila kuulizwa. Sasa anabonyeza na hajui kama amebonyeza, mpaka aangalie kwa macho, na jukwaani kwao ni giza tupu na ule moshi wa mashine. Mara kadhaa ameangukia sauti isiyo yake, akasingizia uzi umelegea. Wanaojua ni mimi na wifi yangu, mkewe, basi. Kiongozi wa bendi asijue ng'o, ametuapisha, maana kiongozi huyo ndiye aliyemwondoa mpiga tarumbeta mara tu meno yalipoanza kumtoka. Na kaka bila bendi sijui atakuwa nani. Siku zisizo na mazoezi nimemkuta amekaa kitandani, amevaa viatu, hana anakokwenda.

Nikamwambia, "Kaka, nakutengenezea besi mpya, ya kukupima wewe. Shingo nyembamba, mwili mwepesi. Na kwenye ukingo wa juu wa shingo, pale macho yako yanapotua ukiinamisha kichwa, nakuwekea vitaa vya LED, vidogo kama kichwa cha pini. Kila penye alama ya kubonyezea, kitaa."

"Vya pembeni tu?" akauliza. "Sasa watu wataona nini?"

"Watu wasione kitu! Uone wewe!"

Akaguna. Nilipaswa kulielewa lile guno siku ileile.

Tukaanza kuchagua rangi. Nilichukua kipande cha shingo kibovu, nikakitoboa, nikafunga betri, nikaziba dirisha kwa blanketi ili chumba kiwe giza. Buluu, akasema inamwuma macho. Nyekundu, akasema nzuri sana, kisha akashindwa kuhesabu viko vingapi. Kijani, akavihesabu vyote bila kukosea, nikajua hapo tumefika. Kesho yake akaja na mkanda wa vitaa alioutoa duka la mapambo, unaobadilisha rangi na kucheza kila ngoma inapolia.

"Hivi vya mbele," akasema. "Usoni kabisa pa shingo."

"Kaka, hilo ni gitaa au gari la harusi?"

"Wewe weka."

"Vitakupiga machoni. Wewe unainama kutazama ukingo, vyenyewe vinakumulika puani. Hivi vya kijani havitaonekana tena."

"Basi tuangalie vyeupe."

Jamani! Tukaangalia vyeupe. Tukaangalia vya njano. Tukarudi kwenye mkanda. Na mimi sikuweza kuendelea na kazi, kwa sababu nyaya zinapita chini ya ubao wa juu, ule vidole vinapotembea. Unachimba mfereji kwanza, unalaza nyaya, ndipo unagundisha ubao. Ukishagundisha umegundisha, huwezi kufungua kama sufuria. Kwa hiyo shingo ikabaki wazi kwenye jiliwa, na kila nikiingia asubuhi naikuta inanitazama, na damu inanichemka upya.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. Nikamtupia ule mkanda. "Chukua taka zako! Mtu mzima unataka kumetameta kama duka la simu! Unataka kuona au unataka sifa?"

Akauokota, akaukunja taratibu, akakaa kwenye kigoda.

"Mdogo wangu, hebu fikiri. Mpigaji wa umri wangu ghafla anaweka vitaa pembeni, anapoviona mwenyewe tu. Kila anayeshika gitaa atajiuliza, huyu amepatwa na nini? Lakini akija na vya mbele vinavyochezacheza, watasema Kishindo anazeeka vibaya, anatafuta sifa. Waseme. Bora waniite mshamba wa taa kuliko waniite mgonjwa."

Nilimwelewa, na hasira haikuisha hata chembe. Ndivyo alivyo kaka, atakufa na tai shingoni. Nikachimba mifereji miwili. Vya kijani pembeni, swichi yake. Vya mapambo mbele, swichi yake. Kila kiungo nilikilehemu kana kwamba hakitafunguliwa tena, nikagundisha ubao, nikabana, nikasubiri.

Siku ya onyesho nilikwenda na wifi. Watu walishangilia besi kabla haijatoa hata sauti moja. Wapigaji wenzake wakamcheka kama alivyotaka, mmoja akamwuliza kama anachajia nyumbani au hotelini. Kaka akatabasamu, amepata alichotaka. Kisha akaanza kupiga. Ilikuwa kama nilivyosema: akiinama kutafuta ukingo, ule mkanda unamjaa machoni, mara zambarau, mara njano. Akakosea. Akakosea tena. Kila akikosea, kiongozi wa bendi, anayepiga gitaa la solo ubavuni kwake, anageuza kichwa kidogo. Wifi alinishika mkono akaufinya mpaka ukaniuma, na wala sikumwambia aache.

Wiki ilipoanza, nikamwona kiongozi mlangoni pa karakana, peke yake, amebeba ile besi, ambayo huachwa ukumbini pamoja na vyombo vingine vya bendi. Nikajua amekuja kuirudisha, kaka keshafukuzwa.

Akafunga mlango. "Fundi, kaka yako ana ganzi tangu lini?"

"Ganzi gani? Uzi ulilegea."

"Usinichezee akili, dada yangu. Nimesimama ubavuni kwa yule mtu tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Naijua besi yake kuliko mlango wa nyumba yangu." Akailaza mezani. "Vya pembeni umefanya jambo la maana. Hivi vya mbele ndivyo vinavyomponza. Viue."

"Hatakubali."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Vikate, umwambie vimeungua."

Nikapandwa na mori. "Kwa nini usimwambie mwenyewe kwamba unajua? Kaka anahangaika usiku na mchana ili usijue! Kama humfukuzi, si umwambie?"

Akafikicha macho. "Yule wa tarumbeta, mnasema nilimfukuza. Sikumfukuza. Nilimwita pembeni, nikamwambia najua habari ya meno, asijali, nitampa nyimbo nyepesi. Akaniambia ahsante. Kesho yake alikuja kuchukua koti lake, na hajarudi mpaka leo. Sasa niambie, kaka yako na yeye nani ana kiburi zaidi?"

Nilijaribu swali la mwisho. "Na wenzake wakiona vimebaki vya pembeni tu?"

"Wote wameshamcheka. Watajua ni mabaki ya mapambo."

"Kwa hiyo kazi yangu ndiyo itaitwa mbovu."

"Ndiyo," akasema. Hata hakunibembeleza.

Alipoondoka nilifungua kifuniko cha nyuma. Viungo vyangu vilikuwa vinang'aa, safi, hata kimoja hakina kasoro. Nikakata waya. Halafu, kwa kuwa namjua kaka, atachungulia tu, nikaubabua kwa pasi ya kulehemu mpaka ukawa mweusi. Niliona uchungu, sisemi uongo. Nilijiona kama ninayemsingizia mtu asiye na hatia.

Kiongozi akairudisha ukumbini kimyakimya, na siku ya mazoezi nami nikaenda. Kaka akabonyeza swichi, mbele kukabaki giza. Akabonyeza tena. Akafungua kifuniko, akaona pale peusi, akanigeukia mbele ya bendi nzima.

"Hii ndiyo kazi? Nimepiga onyesho moja tu, vimekufa! Nimekusubiri muda wote ule uje unipe uchafu huu? Fundi gani wewe?"

Kiongozi alikuwa ameinama, anakaza uzi ambao ulikuwa umekazwa tayari. Maneno yalinijaa mdomoni, nina ushahidi, nina shahidi, yuko hatua chache kutoka pale. Nikayameza.

"Nisamehe, kaka. Niliunga vibaya."

Alishtuka. Tangu nizaliwe hajawahi kunisikia nikisema hivyo. "Basi rekebisha," akasema, sauti imeshuka.

"Hairekebishiki. Waya umeungua mpaka chini ya ubao."

Akasonya, akawasha vya kijani, wakaanza. Akainamisha kichwa, akaona kila alama ilipo, akapiga wimbo baada ya wimbo bila kuteleza hata mahali pamoja. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na machozi yananilenga, ya furaha na ya hasira yamechanganyika. Walipopumzika nikamsikia akimwambia mpiga saksafoni, "Dada yangu kwa mbao usimguse. Lakini nyaya, hapana, hapo hamna kitu." Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Bado anapiga na bendi ile mpaka leo. Siku hizi mwenzake yeyote gitaa likimletea shida ya nyaya, halifiki kwangu. Wanalipeleka kwa fundi mwingine, ng'ambo ya barabara, na anayewaelekeza njia ni kaka mwenyewe.