Penisilini Imefika

Hadi leo nikimwona mtu aliyekuwa kwenye ua wa hospitali yetu siku ile, mi navuka barabara, hata kama upande wa pili ni matope matupu, maana najua atanisalimia vizuri, atauliza habari za watoto, halafu mdomo utaanza kumcheza, na nitajua anakumbuka kiuno changu. (Ndiyo, kiuno. Subirini.)

Nilikuwa mtunza dawa wa hospitali ya Serikali hapa Kolwezi, enzi za Zaïre, tulipokuwa tunaitana Citoyen na Citoyenne, yaani raia, na kutunza dawa maana yake ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha na kuwaambia wagonjwa hakuna. Kila mwaka tulipeleka maombi Kinshasa, kila mwaka tukajibiwa kwamba franga, yaani pesa, za dawa zimeshatengwa, tungoje, na watu wakaendelea kujinunulia kila kitu sokoni, sindano, pamba, hata uzi wa kushonwa. Kazi ya namna hiyo iliniachia nafasi kubwa ya kazi yangu ya pili, ile iliyonipa jina: kuongoza kikundi cha animation cha hospitali, kuimba na kucheza mbele ya wakubwa, na hapo, jamani, nilikuwa hatari.

Basi gari moshi likaleta makartoni ya hospitali kutoka Kinshasa, yamegongwa mihuri ya Serikali kila upande. Nililia kwa furaha. Mbebaji mmoja alipokuwa anayaingiza depo akaniambia, "Mama, hii dawa, chupa yake haigongane," nami nikamcheka, nikamweleza kwa kiburi cha mtu aliyesoma kwamba kule kiwandani wanazifunga kwa pamba nyingi. Kufungua sikufungua. Mali ya Serikali haikufunguliwa hivi hivi, lazima Komisera wa mkoa aje, akate utepe, tumwimbie, ndipo watu wagawiwe, na Komisera alikuwa bado yuko Lubumbashi.

Hapo ndipo aliponijia Tata Kalonji. Alikuwa mkulima kutoka Kasaji, mtu mpole, amemleta mkewe, Mama Ndaya, anaumwa mapafu, na daktari alisema bila sindano za penisilini hatapona.

"Mama, mi naenda kuuzisha kinga," akasema, ameishika baiskeli yake, hiyo kinga yenyewe, kama mtu anayeaga. "Ile dawa iko ku soko. Muke yangu anapumua mubaya."

Nami, kwa huruma au kwa majivuno, sijui kipi kilitangulia, nikamshika mkono.

"Tata, hapana kuuzisha kinga. Mihogo utaibeba na nini? Dawa imefika, ya bure! Ngojea tu mukubwa akuye kufungula."

"Uko na hakika, Mama?"

"Makartoni iko mu depo. Mi njo niko na fungulo."

Akaniamini. Akarudi kukaa kando ya kitanda, siku zikapita, Mama Ndaya akawa anapumua kama mtu anayepanda kilima na mzigo kichwani, na kila nilipopita niliwaambia karibu, karibu tu, kisha nikaenda kwenye mazoezi ya wimbo.

Siku ya sherehe soko lilifungwa kwa amri ili watu waje kupiga makofi, na wagonjwa wakatolewa nje ili waonekane. Mama Ndaya alikuwa ameegemea kifua cha mumewe. Mi niliwageukia wenzangu ili niwaongoze, kwa hiyo meza, makartoni na Komisera mwenyewe vyote vilikuwa nyuma yangu. Utepe ukakatwa, nikalipuka: "Penisilini imefika! Serumu imefika! Magonjwa, kwaheri!" Kiuno kinakwenda, jasho linatiririka. Nikaona nyuso za watu zinabadilika, nikadhani nimewagusa, nikaongeza. Wenzangu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, nikadhani wamechoka, nikawatolea macho, nikaimba peke yangu kwa sauti ya juu zaidi, hadi mgonjwa mmoja akapaza sauti, "Mama, angalia nyuma!"

Nikageuka. Komisera alikuwa ameinua kitenge. Kipya, kinanukia duka, kitenge cha sherehe za parti, chama cha Serikali. Wakafungua kartoni la pili, vitenge. La mwisho, vitenge.

Mtu mmoja akacheka, halafu ua mzima, hata wenye mishono wakacheka wameshika matumbo, na mi nimesimama pale kidole bado kiko juu. Citoyen Directeur wa hospitali yetu akanisogelea, jasho limelowesha koti lake la abakosi, akaninong'oneza, "Citoyenne, imba. Hapana kusimama. Franga ya dawa ya huu mwaka njo ile bitenge." Nikaimba. Maneno mengine hayakunijia, nikaimba yale yale.

Tata Kalonji hakucheka. Nilimwona akimlaza mkewe taratibu kwenye mkeka, kisha akaisukuma baiskeli kuelekea langoni, anakimbia. Lakini soko lilikuwa limefungwa, na lilibaki limefungwa hadi kesho yake. Mama Ndaya alifariki jioni ile ile, mume wake bado anagonga milango ya wachuuzi. Nilimfunika mi mwenyewe kwa kitenge alichogawiwa mchana, kwa sababu shuka nazo hatukuwa nazo.

Asubuhi Tata Kalonji akaja dirishani kwangu kwa miguu, baiskeli hana tena. Langoni walikuwa wameshamwambia habari za mkewe. Nilitaka kuomba radhi, nikabaki nalia tu mbele yake. Akaweka chupa zake za penisilini kwenye ubao wa dirisha, akazisogeza kwangu kwa vidole.

"Tia mu depo, Mama," akasema. "Mule hamuna kitu."

Akaenda kumchukua mkewe. Nilizipanga zile chupa kwenye rafu, na mwaka ule hazikuja nyingine. Kicheko cha watu nimeshakizoea, ila tangu asubuhi ile mtu akiniuliza kama dawa ipo, simjibu chochote mpaka nimwekee mkononi.