Kisiwa Kisicho na Jamaa

Daktari aliyempima mke wangu mwaka ule alikuwa kijana mpole, wala hakumwandikia dawa nyingi. Alimwambia hana maradhi ya kutisha, ila mwili umechoka, na dawa yake ni kutoka nyumbani kwa wiki nzima, asishike sufuria, asiitwe na mtu. Mke wangu aliyarudia maneno hayo njia nzima tukirudi Kuze, mtaa wetu wa Mombasa, hasa yale ya kutoitwa, kama mtoto anayehifadhi sura mpya asije akaisahau.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nikisomesha Kurani katika chumba cha chini cha nyumba yetu, na baraza yangu haikukosa watu. Aliyekuja kuuliza suala la mirathi alikunywa kahawa, na aliyepita tu kunisalimu alikunywa kahawa na kashata juu yake. Baraka hiyo tulimshukuru Mungu sote wawili, mimi nikishukuru barazani na mwenzangu akishukuru jikoni. Kwa hiyo daktari aliposema mwili umechoka, sikuwa na la kubisha.

Kijana wetu aliyekuwa akifanya kazi Maskati alipiga simu akasema gharama zote ni juu yake, sisi tuchague pahala tu. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa karani wa ofisi moja ya kutembeza watalii. Alitujia na mfuko wa picha, akazitandaza juu ya mkeka. Zilikuwa picha za visiwa vya kila bahari, maji ya buluu, mchanga mweupe, minazi. Mbili tatu nilizigeuza kifudifudi kwa ajili ya adabu. Mke wangu aliinua moja akaitazama kwa huruma. Alikuwamo bibi wa Kizungu amelala juani.

"Huyu maskini amekosa kivuli?"

Mpwa wangu akamweleza kuwa yule bibi amelipa fedha nyingi apate jua lile. "Hiki ni kisiwa, mkaza mjomba. Watu huja kutoka mbali kupumzika kisiwani."

"Na hapa tulipo ni wapi?"

Kijana akacheka, akakubali kwamba hapa pia ni kisiwa. Lakini alikuwa amezoea kuuza visiwa na hakujua kuuza kitu kingine, akaendelea navyo. Alianza na Lamu. Lamu kuna khalati yake mke wangu, dada ya mamake, na kwetu mtu akifika mji wenye jamaa zake akalala hotelini, ameutukana ukoo mzima, na habari itarudi nyumbani kabla yake. Basi kwenda Lamu ni kushukia kwa khalati. Siku ya kwanza angekalishwa kitako kama bibi harusi, na ya pili angekuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, maana mwanamke gani wa heshima atakaa akitazama wenzake wakikuna?

Unguja walikuwako shangazi zangu. Pemba walikuwako wa upande wangu na wa upande wake, na utakaoshukia kwanza, wa pili watanuna mpaka Idi. Mpwa wangu akavuka bahari akaenda Ngazija, akasema huko kwa hakika hatuna mtu. Ikanilazimu nimkumbushe kuwa babu yake alioa mara tatu.

Akakimbilia Shelisheli. Tukafikiri sana, tukauhesabu ukoo kwa vidole, na kweli hatukumpata jamaa hata mmoja. Mke wangu aliingia ndani akatoa sanduku. Jioni ile akaja jirani yetu mwanamke, ameisikia habari, uso unamng'aa. Alisema ana binamu yake ameolewa Shelisheli, ni mpweke, na ameshampigia simu. Binamu alilia kwa furaha. Alikuwa na hamu ya biriani la Mombasa.

Sanduku likarudi chini ya kitanda.

Mpwa wangu alikuwa akikusanya picha zake aondoke, pakaanguka moja ambayo hakuwa ametuonyesha. Ilikuwa ya msitu. Miti mirefu, ukungu, majani yanadondoka maji, wala hapana mtu hata mmoja. Mke wangu akaishika muda mrefu.

"Huku kuna jamaa wetu?"

"Huku kuna ndovu, mkaza mjomba."

"Ndovu wanywa kahawa?"

"Hawanywi."

"Basi ni huku."

Ulikuwa msitu wa Shimba, ng'ambo ya Likoni tu, juu ya vilima vya Kwale. Baada ya kuzunguka bahari yote tuliangukia pahala ambapo mtu akitoka asubuhi hufika kabla ya adhuhuri. Jamaa walipokuja kutuaga walisikitika kana kwamba tunapelekwa uhamishoni, wala hakuna aliyeomba kufuatana nasi. Shemeji yangu mmoja aliniuliza faraghani tumekosana na nani.

Usiku wa kufunga mizigo niliona sandukuni nguo za mwenzangu peke yake. Nikauliza kanzu zangu ziko wapi.

"Maalim," akasema, "daktari alisema nisiitwe na mtu."

"Nani atakuita msituni?"

Akanitazama kama mimi ninavyomtazama mwanafunzi aliyekwama kwenye aya nyepesi. "Tumekimbia jamaa wa Lamu na wa Pemba. Wewe ndiwe jamaa yangu wa karibu kuliko wote."

Nikakimbilia elimu yangu. Nilimkumbusha kwa upole kwamba haipendezi mwanamke kusafiri bila mahram.

"Najua. Basi njoo kama mahram. Mahram kazi yake ni kulinda. Kitabu gani kimesema mahram huletewa chai?"

Nilikitafuta kitabu hicho moyoni mwangu, nikakikosa. Nikaenda kuzikunja kanzu zangu mwenyewe.

Tulipanga nyumba ndogo ya mbao kando ya msitu, yenye mpishi wake. Alfajiri ya kwanza sikuiona kofia yangu. Nilifungua kinywa kumwita, nikakifunga, nikapekua gizani, mwisho nikaswali nimejifunga taulo kichwani, na Mola ni mwenye kupokea. Siku iliyofuata kima alishuka barazani akanyakua mkate wangu. Nikaushika upande mmoja, ukakatika. Nilitaka kupiga kelele mke wangu atoke na ufagio kama anavyowafukuza paka wa Kuze. Nilikumbuka sharti. Basi tulibaki kutazamana, mimi na yule kima, kila mmoja na nusu yake.

Mwenzangu hakuyaona hayo. Alikuwa akiletewa sahani akiitazama kama muujiza, anakula, anarudi kulala. Mvua ya milimani ilinyesha karibu kutwa, na usingizi wake ulikuwa mzito kuliko nilivyopata kuuona tangu tuoane. Nilikaa mlangoni na tasbihi yangu, nikimshukuru Mungu, safari hii upande wa jikoni.

Siku moja baada ya alasiri nilisikia sauti kutoka ndani.

"Maalim."

Niliinuka kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kinywa. Nikauliza kama alitaka chai.

"La. Nitazamie, mvua imekatika?"

Nikachungulia nje. Ukungu ulikuwa umeufunika msitu wote na maji yalikuwa yakimiminika kutoka paani. Nikamwambia bado, na kwamba haina dalili ya kukatika leo.

"Alhamdulillahi," akasema, akajigeuza upande wa pili.