Mkia wa Ndege Juu ya Kitanda

Vita vilipopamba moto huko bara, sisi wa Kionga, pwani ya Msumbiji, mimi na mume wangu, tulikuwa tunalala chini ya mkia wa ndege. Nasema ndege ya kupanda watu, si ya manyoya.

Mume wangu alikuwa fundi kwenye shamba la minazi. Msimamizi wa shamba alikuwa Mreno mseja, mrefu, masikio yameiva kwa jua. Barabara zilikuwa zimetegwa mabomu, naye alisema amechoka kuiogopa ardhi. Basi akaagiza ndege. Si nzima: vipande vipande ndani ya makasha, pamoja na kitabu cha kumwonyesha namna ya kuviunga.

Kasha la kwanza likafika, wakalifungua. Mkia mtupu.

"Kitabu kinasema tuanze na mkia," Mreno akamwambia mume wangu.

Mume wangu alirudi nyumbani anacheka peke yake. "Hata samaki hatumwanzi mkiani," akasema.

Wakatoboa, wakaunga, wakapitisha parafujo, wakakaza. Mkia ukasimama ndani ya ghala la mbata, unang'aa kama sufuria mpya. Watu walikuja kuutazama, nami nilikwenda. Kesho yake Mreno akasoma ukurasa uliofuata, akakuna kichwa, akasema wafungue. Kumbe ilikuwa kujaribia tu. Mkia huwekwa kando mpaka kiwiliwili kije.

"Tumefunga ili tufungue," mume wangu akalalamika. "Huyu akioa, ataacha siku hiyo hiyo."

Kabla hawajapata pa kuuweka, tropa, yaani askari wa Kireno, wakalichukua ghala waegeshe malori yao. Mreno akaja kwetu, kofia mkononi.

"Sinyora," akaniambia, "naomba paa lako."

Kile kipande kikubwa cha mkia, kilicho bapa na kirefu kuliko kitanda chetu, wakakining'iniza kwenye boriti kwa kamba za usumba wa nazi, wakakiviringishia shuka jeupe vumbi lisiingie. Parafujo walizifunga ndani ya kitambaa. Nati zilikuwa ndogo kama punje za mahindi, na upepo wa chumvi ungezitia kutu, kwa hiyo nikaambiwa nizitie kwenye kopo la mafuta ya nazi. Ilikuwa kipupwe. Mafuta yakaganda meupe, nati zikapotelea humo.

Jirani yangu alipouona ule mkia akashika kiuno. "Ndege ndizo zinazowapiga ndugu zetu huko bara, nawe umeitundika moja chumbani!"

"Huu ni mkia tu," nikamjibu. "Mkia hauna bomu."

Hakusadiki. Nami, kusema kweli, usiku wa kwanza nililala jicho moja wazi.

Kisha akaja mavyaa, mama wa mume wangu, kutoka Kiterajo. Tukampa kitanda chetu kwa heshima yake. Alasiri akajilaza apumzike, akafumbua macho, akaona kitu kirefu kimevikwa shuka jeupe kinaning'inia juu yake. Alitoka mbio mpaka uani, kanga mkononi.

"Mwanangu, mmemtundika maiti gani humo ndani?"

"Si maiti, mama. Ni mkia."

"Mkia wa nani?"

"Wa ndege."

"Ndege gani huyo mwenye mkia mrefu kunishinda mimi?"

Tulimweleza mpaka tukachoka. Akasema halali humo mpaka maalimu wa chuo cha Kurani aje apasomee dua.

Asubuhi nilikwenda kisimani. Niliporudi, mavyaa alikuwa amekwisha kupika vitumbua vya kumkirimu maalimu, na maalimu alikuwa amekwisha kuusomea mkia. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyejulikana mji mzima kwamba kitumbua hakitafuni, hukituma. Akatuma kimoja, akatuma cha pili. Cha tatu kikasita njiani. Macho yakamtoka, akameza kwa nguvu.

"Hiki kilikuwa na mfupa," akasema.

"Kitumbua hakina mfupa, maalimu," mavyaa akajibu, ameudhika.

Nikatazama jikoni. Kopo la mafuta lilikuwa tupu. Mume wangu akauma chake, kikalia *ka!* Sote tukaanza kuvipasua vitumbua kama watu wanaotafuta lulu kwenye chaza. Nati zikapatikana zote, isipokuwa moja, na hiyo tulijua ilipo.

Mreno aliposikia alikaa kizingitini. Nyingine kama hiyo haikuwako katika duka lolote Msumbiji nzima. Toka siku hiyo, kila asubuhi alipita chuoni, akavua kofia.

"Bom dia, maalimu. Bado?"

"Bado, inshallah."

Watoto wa chuo wakalidaka neno hilo. Maalimu akienda sokoni, bado? Akitoka msikitini, bado? Mavyaa, kwa haya, akawa anampelekea mapapai yaliyoiva.

Hatimaye maalimu akaja mwenyewe, kanzu imenyooshwa, nati ameifunga kwenye jani la mgomba. "Nimeiosha mara saba," akatangaza, "moja kwa udongo."

Mreno akaipokea kwa leso.

"Lakini sikiliza," maalimu akaongeza, "ikiruka, nami nimo."

Makasha mengine hayakufika. Mreno akahamishwa kusini, aende na msafara wa tropa. Wakaufunga mkia nyuma ya lori, naye akakataa kukaa mbele. Akapanda juu, akaukumbatia kwa mikono miwili. Lori lilipoondoka upepo ukamvua kofia. Akapiga kelele wasimame. Nani asimame njia ile? Askari walicheka, naye, mikono imeshika mkia, akawa anaitazama kofia yake mpaka wakapotea kwenye minazi.

Mavyaa aliiokota, akaipigapiga vumbi, akaivaa juu ya ushungi. Alilimia kofia ile msimu mzima wa mihogo, na mtu akimcheka alisema, "Imenikaa au haikunikaa?"

Ilimkaa.