Yakini, Dhana na Mume wa Habiba

Siku yangu ya kwanza kazini katika mahakama ya kadhi, huku Garsen, kadhi aliniuliza kama nje kunanyesha. Nikajibu ndiyo, maana mtu alikuwa ameingia akichuruzika maji.

"Umeona mvua, au umeona mtu aliyelowa?" akaniuliza. "Huenda amevuka mto."

Nikatoka kuangalia. Jua lilikuwa kali. Kadhi alicheka mpaka kilemba kikamlegea, nami nikaona haya.

Nyinyi vijana mnaoamini kila linaloingia kwenye simu mngepata shida naye. Nilikuwa karani na mkalimani wake wa Kiorma. Alinifundisha kwamba yakini ni kujua bila kuyumba. Dhana ni kuamini kwa sababu yenye nguvu huku ukikubali kwamba waweza kukosea. Na shaka ni kubaki katikati. Kwake yeye, habari ambayo haikuanzia kwa mtu anayejulikana, aliyeona kwa macho yake, haikuwa ujuzi.

Ndipo akaja Habiba. Mumewe alikuwa akivusha ng'ombe mtoni karibu na kijiji cha Wema wakati wa mafuriko; ng'ombe wakatoka majini, yeye hakutoka. Bila hukumu ya kifo, Habiba hakuwa mke wala mjane. Hakuweza kukaa eda, kuolewa, wala kuwarithisha watoto mifugo ya baba yao.

Alileta wachungaji kutoa ushahidi. Wote walisema maiti ilionekana Chara, imevaa kikoi cha kijani. Walikubaliana hata rangi! Lakini wachungaji wetu wakikutana malishoni, kabla ya jambo lolote hupeana habari kutoka mwanzo hadi mwisho, na anayepokea huipeleka mbele nzima kama alivyopewa. Kadhi akamwuliza kila mmoja, "Wewe nani alikupa?" Majibu yote yakarudi kwa mvuvi mmoja aliyekwisha kuhama, hakuna aliyejua wapi.

"Hapa pana jicho moja na vinywa vingi," akasema kadhi. "Na jicho lenyewe silijui." Akakataa ombi.

Mimi ndiye niliyemwambia Habiba kwa Kiorma. Akauliza, "Kwa hiyo yu hai?" Nikatafsiri. Kadhi akainamisha kichwa. "Sikusema hivyo." Nikatafsiri na hilo pia. Katika kazi yangu yote sijapata kusema maneno yaliyoniuma kama yale.

Miaka ikapita, kadhi akahamishwa, akaja mwingine kutoka upande wa Kipini. Habiba akarudi mahakamani. Kadhi huyu mpya aliniambia, "Karani, si lazima tuone kila kitu. Mtu aliyependa watoto wake hajatuma hata salamu. Ng'ombe wake hajawafuata. Hakuna soko alikoonekana. Kila moja ni uzi tu, lakini zikisokotwa pamoja ni kamba."

"Na akirudi, Sheikh?"

"Nitakuwa nimekosea kwa sababu nzuri. Kungoja yakini ni kumzika huyu mama akiwa hai."

Akahukumu kwamba mume amekufa. Nimewapima makadhi wangu hawa wawili tangu hapo, na kusema kweli nimeshindwa kuchagua. Wa kwanza alikuwa sahihi juu ya mashahidi, wa pili alikuwa sahihi juu ya mama yule. Naona huzuni kwamba haki ilihitaji watu wawili na miaka yote ile.

Sasa nimestaafu, naishi Tarasaa. Juzi nilimkuta Habiba dukani akinunua sukari. Wanawe wana mifugo yao, eda aliikaa zamani. Nikamwuliza kama moyo umetulia.

"Bwana Karani, kadhi alisema amekufa, mimi nilikubali," akanijibu kwa Kiswahili chake. "Nilikaa eda. Nililia, ikaisha. Lakini mtu akija na ng'ombe, mimi naangalia miguu kwanza. Yeye alikuwa anachechemea."

"Umeshawahi kumwona anayechechemea?"

Akafunga sukari yake kwenye pindo la mtandio.

"Wengi," akasema.