Nilivyoihamisha Ndighiri

Siku yangu ya kwanza ya kazi Riyadh sikuendesha gari. Niliosha. Bosi alinipokea getini kwake Al-Malqa, mtaa wa matajiri, akanipa ndoo na kitambaa. "Yalla, haya, nione unavyoshika kitu kisicho chako." Nikaosha magari matatu hadi adhuhuri, na jua la kule hata maji ya bomba yanakuunguza. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu. Shule niliachia darasa la tatu, lakini usukani niliujua kuliko kuandika jina langu.

Nyinyi vijana wa mjini mnaotaka kwenda, udereva wa nyumbani ni kungoja. Unapeleka watoto shule, unangoja. Unapeleka madam dukani, unangoja mpaka usingizi ukuchoke. Kafili, bosi anayekudhamini, ndiye aliyekuleta, na ndiye atakayekuachilia. Ikama ni kitambulisho chako cha kazi. Bila hiyo hata kwenda mtaa wa Al-Shumaisi kununua unga wa ugali unatembea ukigeuka nyuma. Unga wenyewe ulikuwa na harufu ya sabuni, sijui waliuweka wapi. Lakini nisitoke nje ya hadithi.

Mwaka wa pili bosi akaniuliza, "Kwenu wako wengine kama wewe?" Kichwa kikavimba.

Kwetu ni Ndighiri, kitongoji cha Taita, nyumba kumi na nne kando ya mfereji. Babu zetu waliuchimba kwa majembe kutoka kijito cha juu, ndipo wakajenga. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kufungulia maji shambani na siku yake ya kuzoa tope. Watu wakikosa wiki mbili tu, mfereji unaziba.

Basi nikamtaja jirani yangu Wakesho, akaja kupika kwa dada yake bosi. Mumewe akafuata, akawa mlinzi. Shemeji ya bosi akataka dereva, nikataja. Nikataja tena. Ijumaa sisi wanaume tulikutana Al-Shumaisi (wanawake madam zao hawakuwatoa), mmoja anapaza sauti, "Kikao cha Ndighiri kimefunguliwa!" Tunacheka. Nyumba tisa zilifungwa kwa mdomo wangu huu.

Baadaye bosi alinihamishia Jeddah kumwendesha mama yake. Mama Mkubwa, ndivyo tulivyomwita, alikaa nyuma akihesabu makosa yangu.

"Dereva, umelala au umekufa?"

"Niko hai, mama."

"Basi gari ndilo limekufa."

Nilimpenda yule mama, sitaficha. Lakini goti likaanza kukataa pedali, nikaomba kurudi kwetu. Bosi akaja Jeddah, akasema, "Halas, utakwenda. Lakini mafi mtu, mafi safari; hakuna mtu, hakuna safari. Mama hataki mgeni. Niletee ndugu yako."

Aliyebaki nyumbani mwenye leseni alikuwa Mwadime, mtoto wa baba yangu mdogo. Ndiye aliyekuwa akizoa tope peke yake, siku zake na za nyumba zilizofungwa. Nikampigia.

"Kaka, nikija huko nani atazibua?"

"Mimi. Si narudi?"

"Na hilo goti?"

"Goti ni la huku, kwenye baridi ya gari. Njoo miaka miwili tu, nitakutafutia wa kukupokea kazi."

Akaja. Nikamkabidhi funguo, nikapanda ndege.

Kijito cha juu nilikifikia mara moja tu, kwa fimbo. Nilizoa nusu siku, nikateremka kwa makalio kama mtoto. Mvua mbili hazikupita, mfereji ukaota nyasi. Waliobaki nao wakahamia mjini kufuata maji. Sasa tuko mimi na bibi vikongwe watatu, na maji tunachota kule barabarani.

Huku ndiko kustaafu nilikoombea ruhusa. Kazi niliifanya vizuri, hakuna gari nililokwaruza. Ila bosi aliponiuliza kama wako wengine, ningalisema hakuna.

Juzi Mwadime alipiga kutoka Jeddah. Huu ni mwaka wake wa sita.

"Kaka, bosi amekubali nirudi! Anataka mtu mmoja tu wa kwetu wa kunipokea kazi. Nitafutie hapo."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Kaka, wanisikia? Hata mmoja?"

Nikazipita nyumba zote kichwani, mlango kwa mlango. Nikamwambia anipe siku mbili nitafute. Siku zimepita. Simu ikiita naiangalia mpaka inyamaze.