Shujaa Anayesubiri Kuambiwa

Watu wa Jilore wakinikuta sokoni Malindi huniuliza habari za ndugu yangu kabla ya kuniuliza zangu. Nimezoea. Mwaka ule mto Sabaki ulipofurika, alivuka na kurudi kutwa nzima katika maji ya kifuani, akiwabeba wazee, watoto, na mbuzi mmoja ambaye mwenye kumfuga alikataa katakata kumwacha. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu jeshini, lakini hakuna aliyemsikia akilalamika. Baada ya hapo watoto wa kijiji wakawa wanajifunga leso za mama zao shingoni, kama wale mashujaa wa filamu wanaoruka angani, na kumfuata kila aendako. Yeye huwasimamisha mstari, akawakagua kucha, kisha akawaruhusu waende zao.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nashona nguo Muyeye, hukohuko Malindi, nina mdomo, na yeye simwogopi. Kwa hiyo nitasema jambo ambalo wanaomsifu hawalijui: ndugu yangu ana ila kubwa, nayo ni uleule utiifu wanaomsifia.

Tulifiwa na baba tukiwa wadogo, na baba mkubwa akatulea. Ndiye aliyempeleka ndugu yangu kuandikishwa jeshi, akasimama juani nje ya uwanja tangu asubuhi mpaka kijana alipotoka amechukuliwa. Tangu siku ile ndugu yangu alikuwa na wakubwa wawili duniani: yeyote mwenye nyota mabegani, na baba mkubwa. Alipostaafu akabaki na mmoja.

Nyumbani tulikuwa tukimtania sana. Ukimkaribisha chakula asile mpaka umwambie ale. Siku moja nilimwacha kwenye kibanda changu cha kushonea, nikamwambia asiondoke mpaka nirudi, kisha nikakutana na shoga yangu nikasahau kabisa. Niliporudi alasiri nilimkuta amesimama palepale, shati limelowa jasho, analinda cherehani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ningekuwa na akili siku ile nisingecheka.

Habari za kazi yake alinisimulia mara moja tu. Walikuwa kwenye kizuizi cha barabarani karibu na mpaka, akaja mama mjamzito asiye na karatasi yoyote. Mkubwa wake akasema arudishwe, naye akamrudisha.

"Alikwenda wapi?" nikamuuliza.

"Alirudi alikotoka."

"Na wewe moyo wako ulikuambia nini?"

"Niliamriwa, dada."

Aliendelea kula wali wake. Nilimnunia siku tatu, naye hakujua nimenunia nini.

Sasa shangazi. Shangazi yetu, dada wa baba, anaishi nyumba ya mwisho kwenye boma, penye mikorosho aliyoipanda mwenyewe aliporudi kutoka kwenye ndoa iliyovunjika. Kipande kile cha ardhi alipewa na baba yake mbele ya watu wote. Mvi zilimwanza mapema, na kwetu mvi za mwanamke anayeishi peke yake penye mikorosho mizuri si jambo la kufurahia. Hutafutiwa jina la uchawi, na wako waliouawa kwa jina hilo. Ndiyo maana kila mwezi nilikuwa nikienda Jilore na pakiti ya piko, nikimkalisha kwenye kigoda na kumpaka nywele mpaka ziwe nyeusi ti. "Leo unanipamba unioze kwa nani?" alikuwa akiniuliza. Tulikuwa tukicheka, ila sote wawili tulijua tunaogopa nini.

Mwezi mmoja sikwenda. Shule zilikuwa zinafunguliwa, sare zimenijazia meza, nikasema nitakwenda wiki ijayo, na ile wiki ikapita. Nywele za shangazi zikaota, mashina yake meupe. Katika siku hizohizo mjukuu wa baba mkubwa akafariki kwa homa. Matangani mtu mmoja akamtazama shangazi kichwani, akauliza mbona nywele zilikuwa nyeusi miaka yote, na sasa zimegeuka nyeupe mtoto alipokufa. Swali lile likazunguka mikeka yote kabla ya chai kwisha. Ile rangi niliyompaka ili kumkinga ndiyo iliyogeuka ushahidi dhidi yake, na aliyechelewa kuirudia ni mimi. Hilo sitalificha.

Ndugu yangu alinipigia simu Alhamisi. Baba mkubwa amesema Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, shangazi awe ametoka bomani na vyombo vyake, na yeye ndugu yangu ndiye wa kumtoa. Akikutwa saa sita, vijana watakuja, na watakalolifanya baba mkubwa hatakuwamo.

"Na wewe umenipigia kwa sababu gani?" nikamuuliza, nikitumaini.

"Baba mkubwa amesema nikujulishe."

Jumamosi nilifika Jilore mapema. Nilimkuta ndugu yangu uani, suruali imepigwa pasi, anafunga vyungu kwa kamba. Vikombe vya shangazi alikuwa amevizungushia magazeti kimoja kimoja visivunjike. Ile huruma yake ndiyo iliyonikata maini. Mtu mkatili ningejua la kumfanya.

Shangazi alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea piko?"

"Nimekuletea."

"Basi kaa. Mino, mimi huyu, siendi popote. Hapa nilipewa na baba yangu."

Nikakaa kando yake, tukajaza mlango wote. Nikamwita ndugu yangu, akaja na kamba yake mkononi.

"Unaamini huyu ndiye aliyemuua mtoto?"

"Siamini."

"Unajua akitoka hapa atakwenda wapi?"

"Sijui, dada."

"Basi hiyo kamba ni ya nini?"

"Baba mkubwa ameniamuru. Ndiye aliyetulea."

"Na ulipougua surua ulikuwa mgongoni kwa nani?"

Alimtazama shangazi, akainamisha kichwa. Alijua kabisa kwamba ni dhuluma. Hilo ndilo lililonitia uchungu, kwamba alijua, na kujua kwake hakukuwa na kazi yoyote.

"Amua," nikamwambia. "Usinitazame mimi, wala usimtazame baba mkubwa. Amua mwenyewe, leo tu."

Aliizungusha kamba mkononi mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hilo siliwezi, dada. Niamuru wewe."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilikuwa nimekuja kumsikia akikataa kwa kinywa chake. Lakini saa sita ilikuwa inakaribia, na shangazi hakupaswa kulipia somo langu. Nikasimama.

"Fungua hiyo kamba. Rudisha vyombo ndani. Kisha simama hapa mlangoni, asipite mtu anayetaka kumdhuru, hata akiwa baba mkubwa mwenyewe."

"Ndiyo, dada." Mabega yakamshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Vijana walikuja saa sita kweli, wakiwa watu sita au saba, baba mkubwa nyuma yao. Walimkuta mlangoni yule aliyewabeba wazee wao mtoni. Hakuinua mkono wala sauti. Alisema tu, "Hapiti mtu hapa."

Baba mkubwa akamwita "mwanangu" mara mbili, na mara ya tatu akamuuliza, "Nani amekuamuru?"

Ndugu yangu akanielekeza kwa kidevu.

Nikampa baba mkubwa pole ya mjukuu wake, kwa moyo, maana msiba wake ulikuwa wa kweli. Kisha nikaitoa pakiti ya piko, nikaikoroga kwenye kibakuli mbele ya wote, nikamfunua shangazi kichwa nikaanza kumpaka. Nilipaka polepole. Nikawaeleza nimekuwa nikifanya hivyo kila mwezi, na mwezi uliopita nilichelewa kwa sababu ya sare za shule, na kama kuna mchawi katika habari hii basi ni fundi cherehani wa Muyeye. Kijana mmoja akatazama chini. Mama yake hununua piko kwa muuzaji wangu, tumekutana hapo si mara moja. Wakaondoka mmoja mmoja. Baba mkubwa alikuwa wa mwisho, akilia bila kujificha.

Miaka miwili imepita. Shangazi yuko kwake. Piko ameikataa, mvi zake ziko wazi. Ndugu yangu amejenga kibanda kando ya mikorosho na hulinda pale kila siku. Watu wanamsifu maradufu: amesimama na haki, wanasema, hata dhidi ya aliyemlea.

Mwaka jana tulikuwa tunabangua korosho uani kwa shangazi, sote watatu. Nikamuuliza jambo lililokuwa likinikera tangu siku ile.

"Kama ningekuja Jumamosi ile nikakwambia mtoe, ungefanyaje?"

Ndugu yangu hasemi uongo. Hakufikiri hata kidogo.

"Ningemtoa, dada."

Shangazi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwetu. Hakuacha kubangua.

Mimi sina nia ya kumwacha hivyo. Sitakuwapo kila Jumamosi, na siku moja mwingine atamwamuru kabla yangu. Kwa hiyo kila niendapo Jilore humpa ndugu yangu amri moja mbaya, halafu nangoja akatae. Nimemwambia azime moto uliobandikiwa chakula, akauzima. Nimemwambia ang'oe miche ya shangazi, akang'oa mitatu kabla sijamzuia. Shangazi ananiambia nimepungukiwa na akili. Namjibu kwamba afadhali tupoteze miche.

Wiki iliyopita, tukibangua korosho barazani, shangazi alijimiminia chai, akaiweka chini ipoe. Nikamwambia ndugu yangu, "Imwage ile chai ya shangazi."

Aliinuka, akakishika kikombe, akapiga hatua mbili kuelekea uani. Akasimama. Akamtazama shangazi, akaitazama chai, kisha akanigeukia.

"Kwa nini?" akauliza.

Katika maisha yake yote sijawahi kumsikia akiuliza swali hilo. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikaling'ata, nikainamia korosho zangu, nikamwacha asimame na kikombe mkononi.